Sentimita 15 chini ya shabaha

Siku ile nilipotoka uwanjani sikwenda nyumbani. Nilipitia dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, nikanyoosha mkono kwenye ubao wa vifaa, nikachomoa tupa ndogo kuliko zote na kuitia mfuko wa shati. Nauza vifaa vya ujenzi mwaka wa 21 sasa. Mtu wa kazi hii akiona chuma kimezidi, mkono unaifuata tupa bila kuulizwa.

Chuma chenyewe kilikuwa kwenye bastola yangu. Ni Glock 17, ya risasi za milimita 9, na ninaimiliki kwa leseni tangu wezi walipoingia dukani mara ya pili. Sitaeleza mengi kuhusu hao wezi. Kwa mwaka mzima bastola inalala kwenye sefu kuliko inavyokaa kiunoni, na kila baada ya miezi kadhaa naipeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, mahali penye mkonge pande zote na tuta kubwa la udongo nyuma ya vibao. Msimamizi pale ni askari mstaafu. Sote tunamwita Afande, na yeye haitiki kwa jina jingine.

Nina miaka 53. Nilipofika 45 hivi nilianza kusogeza risiti mbali na uso ili nizisome, na mkono ulipoishia nikanunua miwani. Kumbe bastola nayo inasomwa. Kilengeo cha mbele, lile jino dogo lililosimama karibu na mdomo wa mtutu, linakaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kwa miwani ya kusomea liko mbali mno, na bila miwani lina ukungu. Jino la kiwandani lilikuwa na kidoa cheupe ambacho mimi nilikiona kama punje ya mchele iliyolowa. Basi nikaenda Dar, kwenye duka la silaha lenye leseni, nikawaomba kilengeo kitakachoonekana na mzee. Wakanifungia cha chuma chenye kidoa kikubwa cha rangi ya chungwa. Cha nyuma wakakiacha kilekile cha zamani. Kijana aliyenifungia akaniambia, "Kimekaa sawa mzee, nenda kalenge."

Nikaenda nikalenga. Mita 10, risasi kumi. Duara jeusi halikuguswa. Matundu yote yalijikusanya chini yake na kushoto kidogo, kama kuku aliyedonoa mahali pamoja. Nikapima kwa futi ya dukani: kutoka katikati ya duara hadi katikati ya matundu, sentimita 15.

Jioni nikaipeleka karatasi barazani, kwenye kahawa. Hilo lilikuwa kosa. Mmoja akasema mtutu umepinda. Mwingine akasema risasi zimeingia unyevu, mji huu una bahari. Wa tatu akaulizia upepo, kwamba huenda kaskazi inazikandamiza chini. Risasi ya milimita 9 inamaliza mita 10 kwa muda ambao wewe hujakamilisha kupepesa jicho, upepo utaikandamiza saa ngapi? Mzee mmoja akamaliza kwa kusema nimeonewa kijicho, na kwa kweli maelezo yake hayakuwa mabaya kuliko ya wengine.

Nilimpigia simu yule kijana wa Dar. Akanisikiliza, akasema bila kusita: "Hiyo ni mkono wako, mzee." Nikakata simu nikiwa na hasira, nikakaa na kalamu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Kanuni yenyewe si ngumu, na mtu yeyote aliyewahi kuweka ngazi ukutani anaielewa. Unapolenga, jicho linataka ncha ya jino la mbele ilingane na ncha za masikio mawili ya kilengeo cha nyuma, kile chenye pengo katikati. Jino la mbele likirefuka, ncha yake inapanda, na jicho halitulii mpaka uishushe. Namna pekee ya kuishusha ni kuinamisha mdomo wa mtutu. Kwa hiyo jino refu mbele linapeleka risasi chini, na kilengeo kirefu nyuma kinazipandisha. Wengi wanaligeuza hili, wakaongeza mbele pale walipotakiwa kupunguza. Mimi mwenyewe niliandika kinyume, nikafuta, nikaandika tena.

Kiasi cha kupunguza nacho kinapatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Kutoka kilengeo hadi kilengeo kwenye bastola yangu ni milimita 165. Umbali wa kibao ni mita 10, yaani milimita 10,000. Kosa ni milimita 150. Zidisha 150 kwa 165, gawa kwa 10,000. Unapata karibu milimita 2.5. Nikachora mstari chini ya jibu. Tupa ilikuwa tayari mfukoni.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha Afande karatasi ya saruji. Akaisoma yote, akairudia, kisha akauliza: "Hilo jino lenyewe lina urefu gani?"

Sikuwa nimelipima. Nikatoa venia, kile kipimo cha milimita na sehemu zake, kwenye gari, tukahakikisha magazini imetoka na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, yeye akatazama na mimi nikatazama, tukapima. Milimita 4.9.

"Kwa hiyo unataka kulikata nusu," akasema. "Mdogo wangu, aliyetengeneza kitu hiki anaweza kukosea kidogo. Kukosea nusu nzima, hapana. Irudishe hiyo tupa mfukoni, na usiitoe mpaka nikwambie."

Akaleta mfuko wa mchanga, akauweka mezani. Nikakaa, nikaegemeza mikono juu ya mfuko, si bastola yenyewe, nikapiga risasi tano pole pole kutoka boksi lilelile la mara ya kwanza. Hilo la boksi alilisisitiza. Risasi nyepesi kwa kawaida inatoka haraka na kugonga chini kidogo kuliko nzito, kwa sababu ile nzito inakawia mtutuni wakati bastola imeshaanza kupanda kwa kishindo. Mimi natumia za greini 115, ambazo ni kama gramu saba na nusu. Akasema tukibadili risasi leo hatutajua tumebadili nini.

Matundu matano yalikaa karibu karibu. Tukapima: sentimita 9 chini.

Afande akaziweka karatasi mbili pamoja, ya mkono mtupu na ya mfuko wa mchanga. "Bastola haijui kama iko juu ya mchanga," akasema. "Hapa 15, hapa 9. Hizi 6 zimetoka wapi?"

Nilijua alipokuwa anaelekea, na sikupenda. Nikasema mkono unatetemeka. Akasema mkono unaotetemeka unatawanya risasi kila upande, hauzipeleki zote chini. Akachukua magazini yangu, akanipa mgongo, akaijaza. Alichokuwa anachanganya humo ni risasi za mazoezi, za plastiki, hazina baruti wala kiwashio. Sikujua ziko ngapi wala zimekaa wapi.

Risasi ya kwanza ililia. Ya pili ikalia. Ya tatu nikavuta trigga, tik, kimya, na mdomo wa bastola ukazama chini kama mtu anayechota maji. Hakuna kishindo, hakuna moshi, ni mimi tu na bastola yangu tukiusalimia udongo. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye meza ya jirani akageuza uso pembeni kwa adabu.

Nilijitetea kwamba ni bahati mbaya. Ya tano ilikuwa ya plastiki tena. Ikazama vilevile.

Ni aibu ya namna yake, kwa sababu hujihisi ukifanya. Mwili unakumbuka kishindo, unajiandaa kukipokea, na kabla risasi haijatoka mikono imeshasukuma mbele na chini. Wenye kutumia mkono wa kulia risasi zao huenda chini na kushoto. Ule ukushoto mdogo wa karatasi yangu ya kwanza ulikuwa unanieleza jambo hilo tangu mwanzo, nikauona kama kasoro ya pembeni tu. Kilengeo kilichosimama wima hakina sababu ya kupeleka risasi kushoto eti kwa kuwa ni kirefu.

Dawa aliyonipa Afande ilinichosha kwa ukimya wake. Kila usiku dakika kumi, chumbani, risasi zote zimefungiwa chumba kingine, chemba imeangaliwa mara mbili, bastola imeelekezwa kwenye ukuta wa mawe wa nje. Sarafu ya shilingi 200 juu ya bastola karibu na kilengeo cha mbele, na kuvuta trigga mpaka ifyatuke bila sarafu kudondoka. Glock lazima uikokote upya kila mara, uvute sehemu yake ya juu nyuma na kuiachia, kwa hiyo ni kuvuta, kukokota, kuweka sarafu, kuvuta. Mama Zubeda aliisikia sarafu ikigonga sakafu usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usiku wa nne akaniuliza kupitia mlangoni kama nimeanza kuhesabu mauzo kwa shilingi mia mbili mia mbili.

Baada ya wiki tatu sarafu ilikuwa inakaa. Nikarudi uwanjani, nikasimama wima, mkono mtupu, mita 10. Sentimita 9 na kidogo. Kushoto kumekwisha. Nikajisikia kijana.

Lakini 9 bado ni 9. Nikapiga hesabu palepale: milimita 90 mara 165 gawa 10,000, karibu milimita moja na nusu. Nikaitoa tupa, sasa kwa haki kabisa. Mkono umeshapona, mfuko wa mchanga na mkono mtupu vinasema jambo moja, kilichobaki ni chuma. Yeyote angesema hivyo.

Afande hakusema kitu. Akaomba bastola, akaikagua, akaweka risasi tano, akapiga. Yeye ana miaka zaidi ya 65 na anapiga kama anayegonga mihuri. Matundu yake yote yangefunikwa na kifuniko cha soda, na yalikuwa chini ya katikati kwa sentimita 4.

Bastola ileile, boksi lilelile, kibao kilekile. Yeye 4, mimi 9. Tukarudi kwenye mfuko wa mchanga, mimi nikapiga, 9 tena. Kwa hiyo haikuwa mkono. Na kama chuma kilikuwa na kosa la sentimita 9, kilimhurumiaje yeye?

Hapo ndipo akanipa chaki. "Nichoree unachokiona. Usichore unachotakiwa kuona. Unachokiona wewe."

Nikachora juu ya meza. Kilengeo cha nyuma cha Glock kina pengo lenye mchoro mweupe unaofanana na kikombe. Nikachora kikombe. Kisha nikachora kidoa changu cha chungwa, kizuri, kikubwa, kimekaa ndani ya kikombe kama yai.

"Na ncha ya jino iko wapi?"

Nikatazama mchoro wangu mwenyewe. Sikuwa nimeichora ncha. Kwa muda wote ule nilikuwa siitazami. Jino la zamani nililifuata kwa ncha yake kwa sababu kidoa chake sikukiona vizuri. Jipya likanipa yai linalong'aa, jicho likalikalisha yai kikombeni, na ili likae vizuri ncha ya jino ikawa inashuka chini ya masikio. Bastola ikainama, mimi nikaona mpangilio umependeza.

Afande anajua nauza nini. Akachukua chaki, akachora tofali mbili na kamba iliyovutwa kutoka moja hadi nyingine. "Mwashi anajenga kwa kufuata kamba au kwa kufuata uwazi ulio chini ya kamba?" Akachora jino katikati, ncha yake ikigusa kamba. "Sikio, ncha, sikio. Kamba moja. Hilo chungwa ni la kukusaidia kulipata jino, si la kulengea." Na akanikumbusha kuhusu macho: jicho likae kwenye jino. Kibao kiwe na ukungu, masikio yawe na ukungu, jino liwe kali.

Jino kuwa kali, kwangu, ilihitaji safari nyingine. Nilimwendea mpima macho na kipimo cha futi: kutoka jichoni hadi kwenye ngumi zangu nikiwa nimenyoosha mikono. Akanitengenezea miwani ya umbali huo, anayosema wanaotumia kompyuta huitaka. Kama ningeanza na hiyo miwani, huenda nisingebadili kilengeo kamwe. Nimelifikiri hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Niliporudi, nikapiga kwa kamba ya mwashi. Sentimita 4. Risasi tano nyingine, 4 na kidogo. Nikaomba Afande apige tena. Nne.

Sasa nikarudia hesabu ileile kwa mara ya tatu. Milimita 40 mara 165 gawa 10,000: 0.66. Nilikuwa nimelitunza jino la zamani kwenye kibati cha misumari dukani. Nikalipima kwa venia: 4.2. Jipya, tunajua, 4.9. Tofauti 0.7. Nimepima vitu vingi maishani, mabati, nondo, mbao zilizopinda, lakini sikumbuki siku nyingine ambayo namba mbili zilizotoka njia tofauti zilikutana hivi. Moja ilitoka kwenye karatasi iliyotobolewa kwa risasi na nyingine kwenye kibati cha misumari, na zilihitilafiana kwa unene wa karatasi nyembamba.

Kwa hiyo kijana wa Dar alikuwa sahihi kwa sentimita 11 kati ya 15. Sita za mkono, tano za jicho. Nne zilikuwa zake, na yeye hakuwa na habari na hata moja kati ya hizo 15.

Tupa nayo ilikuwa imebakiza kazi ya milimita 0.7, na hapo Afande alinyamaza, akaniachia mwenyewe. Nikaligeuza jino kwenye mwanga. Kile kidoa cha chungwa kilikuwa kimewekwa juu kabisa, kimeachwa na ncha kwa unene usiozidi ukucha. Kukata 0.7 kungekula kichwa cha kidoa nilichokilipia. Na ukishakata, umekata. Chuma hakirudi, na siku nikibadili risasi nikatumia nzito zinazopiga juu, nitakuwa nimejifunga.

Njia nyingine ni nyuma. Vilengeo vya nyuma vya Glock vinatoka kiwandani kwa urefu mbalimbali: 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, kila hatua milimita 0.4. Changu kilikuwa 6.5. Hatua moja kwa mita 10 inapandisha risasi kama sentimita 2.4, hatua mbili karibu 4.8. Nilihitaji kama sentimita 4.2, kwa ile tofauti ya milimita 0.7. Hatua mbili basi, zitazidi kwa milimita 6, na kwa mita 10 milimita 6 ni upana wa penseli.

Nikarudi kwenye duka lilelile la Dar na karatasi zangu zote kwenye bahasha. Kijana alizitazama moja moja, akafika kwenye ya mwisho, akaenda ndani, akarudi na kilengeo cha 7.3. Akakisukuma mahali pake kwa kibano chake, akapima kwa macho kama kiko katikati. Nikamwomba apime kwa venia, kulia na kushoto. Akapima. Kulikuwa na tofauti, akasogeza. Kilengeo cha nyuma unakisogeza upande unaotaka risasi ziende, kwa hiyo kikiwa hakipo katikati ningeondoka na ugonjwa mpya wa kulia au kushoto. Hakutaka pesa ya ufundi. Sikumsihi.

Uwanjani, mita 10, kusimama, risasi kumi. Tisa ndani ya duara jeusi, katikati ya hizo tisa ikiwa juu ya katikati ya duara kwa upana ule wa penseli. Ya kumi ilikuwa chini, na kushoto kidogo. Afande aliigusa kwa kidole, akanitazama, akaenda kupanga vibao vingine.

Tupa niliirudisha ubaoni Jumatatu. Iliuzwa siku hiyohiyo. Aliyeinunua ni kijana wa kutengeneza funguo, akaijaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akauliza kama imeshatumika. Nikamwambia bado.